Koti la Baba Mdogo na Ng'ombe wa Ibaba

Tangu nirudi Mbeya mmekuwa mkiniuliza kwa zamu, na kila mmoja wenu nimempa kipande. Mmoja anajua habari za Tunduma, mwingine anajua kwamba nilifuatwa na ng'ombe, na nasikia huko mnakokutana Jumamosi kusomeana maandishi mmekwisha kuifanya kichekesho: binti wa mjini na ng'ombe wa kijijini. Siwalaumu. Mimi ndiye niliyewapa mwanzo nikaficha mwisho. Sasa naiandika yote kwa mara moja, na mkishaisoma naomba tuzungumze mambo mengine.

Saza

Baba mdogo Lameki aliondoka Ibaba mvua za kwanza zilipoanza, mahindi yakiwa bado hayajaota, akaenda Saza kuchimba dhahabu. Alimwambia mke wake kwamba atarudi kuvuna. Mahindi yakavunwa bila yeye. Alfajiri ya Jumatatu moja ya mwezi wa saba, duara, yaani shimo la mgodi alimokuwa na wenzake wawili, lilititia. Wale wawili walitoka. Mimi nilipigiwa simu kwa sababu namba yangu ndiyo aliyokuwa amemwachia mwenzake, na kwa sababu Mbeya ni karibu kuliko Ibaba.

Nilifika Jumanne mchana. Karibu saa tisa walimfikia. Nilimwona. Sitasimulia nilichokiona, ila vumbi: jeupe, laini kama unga wa muhogo, lilikuwa limemjaa kwenye kope, na nikasimama nikingoja mtu ampanguse. Hakuna aliyempangusa. Nikampangusa mimi kwa ncha ya kitenge.

Yule mwenzake aliyenipigia simu anaitwa Masanja, Msukuma mrefu mwenye sauti ya chini. Aliingia kwenye turubai walimokuwa wakilala akatoka na koti. Mnajua makoti ya mtumba yanayovaliwa kwenye milima yetu, mazito, yenye kola kubwa, yanayofika magotini? Basi hilo, la kijani iliyochujuka. Saza ni joto. Hata vivuli vyake vina joto. Masanja akasema walimcheka miezi saba mizima, wakamwita Mzee Koti, na yeye hakuwahi kulivaa hata siku moja, alililalia kichwa tu.

"Alikuwa anatuambia, hili si koti la huku," Masanja alisema. "Hili ni la kurudia nyumbani."

Jioni hiyo nilimpigia Baba mkubwa Yohana. Wao walikuwa watatu: Yohana, baba yangu, na Lameki. Baba yangu alitutoka nikiwa shule ya msingi. Ibaba kwake mtandao haushiki mpaka mtu apande kilimani, na Baba mkubwa hupanda kila jua linapoelekea kuzama, anasimama huko na simu yake kama mtu anayengoja mgeni. Nilimwambia. Nilisikia upepo wa Ibaba ukipiga kwenye simu yake huku mimi nikitokwa jasho.

Kisha akasema, juu ya mke wa Baba mdogo, "Usimpigie Atupele. Uje mwenyewe, uje na nguo ya Lameki. Ufikie kwangu, si kwake."

Akanieleza utaratibu, kwa sababu mimi nimezaliwa mbali na ananijua. Kwetu msiba hauanzi kwa habari ya kusikia. Unaanza akifika mtu aliyemwona marehemu kwa macho yake, ana nguo ya marehemu mkononi, na mtu huyo anapita kwanza kwa mkubwa wa ukoo. Ndipo wanawake wanatangulia kwa mjane kama watu waliokuja kusalimia tu. Wawili wanakaa kushoto kwake na kulia kwake. Mkubwa anaingia mwisho, na ndiye anayesema.

Kwa Mama mdogo Atupele huo haukuwa utaratibu tu. Ana presha. Miaka miwili iliyopita mtu alimpigia simu akamwambia mama yake amefariki. Nyumba yake iko juu, mtandao unashika hadi ndani; alikuwa peke yake jikoni, akaanguka kwenye moto, akaungua mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko. Daktari aliwaambia akianguka hivyo mara ya pili, huenda asiamke. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja, nayo mtu yeyote angeona ni nyepesi: nimpite Mama mdogo asinione, nifike kwa Baba mkubwa. Mwili ungefuata Ijumaa.

Saza hadi Mlowo

Niliondoka Jumatano asubuhi kwa lori lililobeba magunia matupu, nimekaa mbele na mwanamke mwenye kuku wawili miguuni. Koti nilikuwa nimelifunga kwa kitenge nikalipakata. Barabara ile inarusha, na kila iliporusha nililikumbatia. Yule mwanamke akawa ananitazama kwa huruma. Mwishowe akanong'ona, asiniamshie, kwamba mtoto hajalia hata kidogo tangu tutoke, ni mtulivu kweli, ana miezi mingapi?

Nikamwambia si mtoto, ni koti. Akacheka mpaka kuku wakapiga mbawa. Akamweleza dereva, dereva naye akacheka, na mimi nikacheka nao, kwa kuwa sikuona namna nyingine ya kukaa humo ndani.

Tairi lilipasuka mara mbili. Mara ya pili dereva hakuwa na jingine, tukakaa chini ya jua mpaka likaja lori jingine lenye moyo. Yule mwanamke alitoa viazi vitamu vya kuchemsha vilivyopoa, akanipa kimoja, akasema kula, mwenye kubeba koti huenda akawa amebeba na mtoto, nani ajuaye. Nilikila. Kilikuwa kitu cha kwanza kuingia mdomoni mwangu tangu Jumatatu, na niliona aibu jinsi kilivyokuwa kitamu.

Kutoka Mbalizi nilipata basi hadi Mlowo, na Mlowo likasimama. Lilisimama kama mtu aliyefika kwake. Wanunuzi wa mazao walikuwa wakipandisha maharage juu ya basi, wakiyashusha, wakigombana gunia lipi ni la nani, wakiyapandisha tena. Nilikula wali na parachichi kwenye kibanda kando ya barabara, nikitazama magunia yakienda juu na kurudi chini, na nikafikiri jambo ambalo sikutaka kulifikiri: kwamba kule Ibaba Mama mdogo sasa hivi anapukuchua mahindi aliyoyavuna peke yake, huenda anamlaumu mume wake kwa kuchelewa, na ni mke wa mtu bado. Kadiri basi lilivyochelewa ndivyo alivyozidi kuwa mke wa mtu. Nikaacha kumkasirikia dereva.

Tunduma, nilikopitilizwa

Nilipaswa kushuka Mpemba, kabla ya Tunduma, ambako barabara ya Ileje, wilaya ya Ibaba, inachepuka. Nililala. Nilipoamka tulikuwa katikati ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia, foleni isiyo na kichwa wala mkia, madereva wamening'iniza nguo zao kukauka kati ya gari na gari. Gari la kurudi Mpemba na kuendelea Isongole lingekuwa asubuhi. Kuna kitanda nilichokilalia na sina la kusema juu yake.

Asubuhi ya Alhamisi nilikaa kwenye benchi la mama mmoja wa Nakonde anayevuka kila siku kuuza chakula upande wetu. Wateja wake walimwita Bana Chanda. Alinisalimu mulishani, salamu ya kwao, alipoona sijui la kujibu akahamia Kiswahili chake kilichojaa vitu vya kwao. Alinipa ugali na dagaa wa kukaanga, akaketi mbele yangu, akaona koti. Nilikuwa nimelifungua kitenge nikajifunika nacho baridi ya asubuhi.

Alidhani nauza. Kabla sijameza tonge alikwisha kulinyanyua, akatia mkono mmoja, akatia wa pili, akafunga vifungo, akazunguka huku na huku mbele ya wateja wake. Akaniuliza ni la nani. Nikasema la baba yangu mdogo.

"Yeye yuko wapi?"

"Yuko nyuma. Anakuja."

"Basi akija mwambie Bana Chanda amemwibia koti," akasema, na wateja wakacheka.

Mpaka hapo sikuwa nimeliona koti lile likiwa na mtu ndani yake. Mabega yalijaa, mikono ilitembea. Nilisimama nikalivuta kwa nguvu, kifungo kimoja kikakatika, akanikemea, ananishangaa ni binti wa namna gani asiyejua utani. Nikamwambia mwenye koti amekufa. Nilimwambia polepole, kama mtu anayejaribu kalamu kama ina wino. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema nikiwa nimetazamana na mtu.

Bana Chanda alilivua. Alipiga magoti palepale kwenye vumbi la malori, akapiga makofi madogo ya heshima, viganja vimejikunja. Kisha akalikunja koti mikono ikiingia ndani, akalifunga kwa kitenge, fundo likawa chini. Akaniambia nguo ya marehemu haibebwi wazi, njiani inaita. Nilifikiri ni imani za watu. Nilimshukuru, nikaondoka.

Mpemba hadi Itumba

Barabara ya kwenda Isongole ni ya lami sasa, na gari linateleza juu yake kama wembe. Upande wa kulia unaona Malawi, vilima vya buluu visivyojua kama vimekuwa nchi nyingine. Baridi ilianza kuingia kwa chini, miguuni. Itumba nilifika saa saba, nikala kande, nikatafuta bodaboda wa kunipandisha Ibaba. Wengi walikataa, barabara ya juu mwezi huo ina ukungu na manyunyu, udongo ni sabuni. Aliyekubali anaitwa Godi, mtu mzima mwenye ndevu na maneno mengi.

Alinitania njia nzima. Alisema dada zangu wa mjini wakipanda huku hushuka wameokoka. Alisema ndizi za Itumba zikivuka mto zinaanza kusema Kimalawi. Kisha akaniuliza naenda kwa nani, nikamwambia kwa mzee Yohana.

Akaendesha kidogo. Halafu akaniuliza, bila kugeuka, kuna nini kwa mzee, kwa sababu tangu jana wanawake wanapanda kwake na kuni, na anayeulizwa anasema ni kuni tu.

Nililikumbatia furushi. Naye hakutania tena.

Nilijua maana yake. Kuni nyingi nyumbani kwa mtu mmoja ni barua iliyoachwa wazi. Kama Godi ameisoma akiwa bondeni, Mama mdogo, anayekaa kilima kimoja na Baba mkubwa, angeisoma wakati wowote.

Kupanda Ibaba

Mnyororo wa pikipiki ulikatika kwenye kona ya tatu baada ya daraja. Godi aliulaza mkononi kama nyoka aliyekufa, akautazama, akasema huu haupandi tena leo. Ilikuwa kama saa tisa. Kwa miguu, alisema, ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu wa huku, kwangu saa mbili.

Manyunyu yalikuwa yameshaniloanisha mabega. Nilitetemeka hadi meno yakawa yanagongana. Godi alinitazama, akatazama furushi.

"Una nini humo?"

"Koti."

"Sasa dada, unatembea umebeba koti huku unaganda? Livae."

Nikasema si langu. Akasema baridi haiulizi la nani. Nililivaa. Lilinifika chini ya magoti, mikono ikanizidi, na harufu ikanifunika: moshi, jasho, tumbaku, na chini yake kitu kingine, cha zizini, ambacho miezi saba ya Saza haikukitoa. Nilijifunga kitenge kichwani, nikapandisha kola. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilipata joto, na joto lile lilikuwa lake.

Godi akanionesha njia mbili. Ya juu inapita milangoni mwa watu, pamoja na mlango wa mke wa Lameki. Alimtaja yeye tu, kati ya watu wote wa njia ile, kisha akatazama chini. Ya chini inapita bondeni, kwenye mashamba yaliyovunwa, inatokea nyuma ya nyumba ya mzee Yohana.

"Pita chini," alisema. "Saa hizi huko kuna ng'ombe tu. Hakuna atakayekuona."

Ng'ombe

Mwezi wa saba huku mashamba yamefunguliwa. Mahindi yakishavunwa hakuna tena shamba la huyu na la yule. Ng'ombe wanaachiwa asubuhi wakale mabua, hawana mchungaji, jioni kila mtu anawafuata wake. Sikulijua hilo. Niliingia kwenye ukungu, mabua yamesimama nusu, yamelala nusu, na kimya kilikuwa kile cha chumba ambamo watu wameacha kuzungumza ulipoingia.

Wa kwanza alikuwa jike mwekundu mwenye paji jeupe. Alikuwa anakula, akanyanyua kichwa. Bua likaning'inia mdomoni mwake, hakulitafuna. Nyuma yake kichwa kingine kikanyanyuka, mweusi, pembe moja imevunjika. Kisha wengine wakatoka kwenye ukungu mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kanisani, wadogo wadogo, wa kienyeji, mvuke ukiwatoka puani. Walikuwa saba na ndama. Walinitazama wote kwa pamoja.

Nilifanya anachokifanya kila mtu aliyezaliwa mjini: niliongeza mwendo. Wakaongeza. Nikasimama, wakasimama, hatua kumi nyuma yangu, masikio mbele. Nikageuka nikapiga makofi, nikasema tokeni. Yule mwekundu akaja karibu. Nikakimbia. Nyuma yangu nikasikia kwato zikikimbia kwenye udongo laini, bila hasira, hilo ndilo lililonitisha zaidi, walikimbia kama watoto wanaomkimbilia mtu. Niliteleza nikaangukia magoti kando ya jiwe kubwa bapa, jeusi, lililolainika juu kama meza ya zamani. Nilipoinua uso walikuwa wamenizunguka.

Yule mwekundu alinusa bega langu. Alinusa kola. Alivuta pumzi ndefu, akaiachia shingoni mwangu, ya moto. Kisha akashusha kichwa akaanza kulamba mfuko wa koti, kwa ulimi mrefu, mgumu kama tupa, akiulamba na kuuvuta. Nikatia mkono mfukoni kuona kuna nini. Zilikuwa chembe ngumu, kubwa, za kijivu. Saza nilidhani ni mawe ya mgodini. Nikagusisha kidole ulimini. Chumvi.

Basi nikafikiri nimepata akili. Nikasema nitawapa hiki wanachokitaka, watakuwa na shughuli, nami nitaondoka. Nikamwaga konzi mbili juu ya lile jiwe. Ng'ombe wote walisogea kwa mpangilio ambao ningepaswa kuushangaa, mwekundu kwanza, mweusi pembeni, ndama chini ya shingo ya mama yake. Wakalamba jiwe hadi likang'aa. Nikaanza kunyata kuelekea kwa Baba mkubwa.

Wakamaliza. Yule mwekundu akanyanyua kichwa, akalia mara moja, mlio mrefu uliopanda mlimani na kurudi. Kisha wakaja. Safari hii hawakukaa nyuma. Walinipita kushoto na kulia, wakaniweka katikati, wakaiacha njia ya bondeni, wakashika kijia kinachopanda. Nilijaribu kutoka; ubavu mmoja ukanirudisha, ubavu mwingine ukanipokea. Nilipanda nao. Ningeweza kulivua koti, nalifikiria hilo kila siku. Sikulivua kwa kuwa nilikuwa naogopa, na kwa kuwa lilikuwa na joto.

Tulipotoka kwenye ukungu niliona nyumba, moshi, zizi la magogo. Nikasikia sauti ya mwanamke akiita kutoka juu, sauti ya mtu anayecheka na kulaumu kwa pamoja, akimwita Baba mdogo kwa jina la mtoto wao aliye mbali.

"Baba Tusekile! Ndiyo unarudi saa hizi, mahindi yameshaingia ndani? Njoo uone kama kuna atakayekupikia!"

Alikuwa anashuka mbio, amefunga khanga kiunoni, mikono imejaa maganda ya mahindi.

Kwa Mama mdogo

Aliniona uso akiwa hatua tano kutoka kwangu. Alisimama. Maganda yakamwanguka moja moja. Alinitazama mimi, akatazama vifungo, akatazama pale kifungo kimoja kilipokatika. Nilifungua mdomo.

"Usiseme," alisema.

Nikafunga.

"Ukisema sasa nitaanguka. Najijua. Usiseme." Alikuwa ameshika pembe ya yule mwekundu kwa mkono wenye kovu, ameishika kama mtu anavyoshika nguzo. "Umewapa chumvi?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Pale kwenye jiwe?"

"Pale kwenye jiwe, Mama."

"Basi umewaambia jioni imefika." Akapumua. "Yeye ndiye huwapa pale, halafu wanarudi. Mimi hawanikubali. Miezi saba nawarudisha kwa fimbo."

Niliinua mkono kuvua koti. Akanikataza. Alisema nikilivua hawataingia, watakesha wakilia nje, na yeye leo hataweza kuwafukuza. Akaniambia nitangulie. Kwa hiyo niliingia zizini nimevaa koti la Baba mdogo, na ng'ombe wake wakaingia nyuma yangu bila kupigwa, mmoja mmoja, kila mmoja akaenda kusimama mahali pake. Mama mdogo akapitisha magogo mlangoni. Alifanya polepole, akijaribu kila gogo kama limekaa.

Kisha tukaingia ndani. Nilidhani atakaa. Alipuliza moto, akabandika sufuria, akasonga ugali, mwingi, wa watu wanne. Akapasha maharage. Mgongo wake ulikuwa kwangu. Nilisema nimkimbilie Baba mkubwa, yupo karibu tu. Akasema nisitoke, nikitoka atabaki peke yake.

Alikaa chini, mgongo ukutani, mbali na moto. Alikuwa amepachagua. Akaniambia nikae karibu, bega lake liguse langu. Akanawa.

"Mtu akishaambiwa, hali tena," alisema. "Siku tatu, nne. Mama yangu alipokufa sikula, presha ikanimaliza. Wanawake wa huku wakija kukuambia wanakuja na chakula, wanakulisha kwanza, unajua? Wanakutania mpaka umalize. Mimi nimewalisha wengi hivyo."

Kisha akala. Hakukaribisha, na ni mara pekee katika maisha yangu kukaa na mtu wa Ibaba akila asinikaribishe. Alikata tonge, akachovya, akatafuna, akameza. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, aliendelea kukata matonge. Kuna wakati aliliweka tonge chini, akanywa maji, akaendelea. Nje ng'ombe walikuwa wakicheua. Alikula ugali wote, akafuta bakuli la maharage kwa tonge la mwisho, akameza dawa yake ya presha iliyokuwa kwenye kikopo dirishani. Akanawa tena. Akakiosha chombo, akakifunika. Akarudi ukutani, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Haya," alisema. "Sasa sema."

Nilisema. Nilisema kwa maneno matatu, bila pambo. Akaniuliza lini, nikamwambia Jumatatu alfajiri. Akasema Jumatatu alimpigia, akaambiwa hapatikani, akadhani ni chaji. Akauliza kama nilimwona kwa macho. Nikasema nilimwona, nikampangusa vumbi usoni. Akatikisa kichwa mara nyingi, kama anayekubali kila kimoja peke yake. Ndipo sauti ikamtoka. Sina neno la sauti ile, na sitaki mtu yeyote kati yenu alitafute. Mwili wake wote ulinilalia, mzito, lakini alikuwa macho, pumzi yake ilikuwa inaenda na kurudi shingoni mwangu, na mimi nilikuwa nazihesabu zile pumzi.

Baba mkubwa aliisikia akiwa kwake. Alifika na wanawake sita, wanahema, mmoja ana chungu kilichofunikwa kichwani. Alisimama mlangoni akaniona nimevaa koti, akamwona Atupele kifuani kwangu. Uso wake ulibadilika.

"Nilikwambia ufikie kwangu," alisema. "Nilikwambia nini mimi?"

Wanawake walimpita, wakampokea Mama mdogo kutoka mikononi mwangu, mmoja kushoto, mmoja kulia, na yule mwenye chungu akakitua, akaanza kusema kwamba hajala, huyu hajala, ataanguka, nani atamlisha sasa.

"Amekula," nilisema.

Baba mkubwa akanigeukia. "Nani amemlisha?"

"Mwenyewe. Kabla sijasema. Amesonga, amekula, ameosha chombo, ndipo akaniambia niseme."

"Amekula kiasi gani?"

"Wote."

Alitazama sufuria iliyofunikwa. Aliifunua, akaitazama ndani, safi, ina matone ya maji, akaifunika tena taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Tangu Jumanne mzee huyu alikuwa amepanga kuni, amepanga wanawake, amepanga nani akae wapi na nani aseme nini, na nadhani hakuwa amepata nafasi ya kufiwa. Alitoka nje. Nilimfuata, nikifikiri ananiita kunigombeza. Alikuwa ameketi chini kwenye udongo uliolowa, ameegemea magogo ya zizi, kofia iko mkononi, analia kwa sauti ya juu kama mtoto wa mwisho kuzaliwa, yeye aliyekuwa mkubwa wao.